Miwani ya baifoko kwa fundi cherehani: uzoefu wangu wa miezi minane

Nashona nguo Tanga, kwenye baraza ya nyumba ya kupanga, nikiwa na cherehani mbili na mashine moja ya kuzungushia pindo. Nina miaka 49. Huu ni mwezi wa nane navaa miwani ya baifoko, ile yenye mstari: juu ya kuonea mbali, chini ya kuonea karibu. Niliyonayo sasa ni ya pili. Ya kwanza niliirudisha. Naandika kuhusu zote mbili kwa sababu nilipokuwa nahangaika na ile ya kwanza, kila niliyemwambia alinijibu neno moja tu, "utazoea," na lile neno nusura linifukuzie wateja.

Mambo yalianza kwenye tundu la sindano. Binti anayejifunza kazi kwangu aliniona nalamba uzi mara ya tatu, mara ya nne, akasema, "Mama, lete nikutungie." Nikampa. Baada ya miezi michache akawa ndiye mtunga uzi wangu wa kila siku. Kisha ukaja uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Nilikuwa na suruali za sare za kupunguza kiuno, nafumua mshono jioni, na sikuona tena ninapokata uzi na ninapokata nguo. Suruali moja niliitoboa. Nililipa.

Nikafanya kama wanavyofanya wengi: nikanunua miwani ya kusomea kwa machinga, Sh 5,000, imeandikwa +2.00. Tundu la sindano likaonekana siku hiyohiyo, nikafurahi sana. Lakini shingo ilianza kuniuma. Nikishona lazima niinamie mashine mpaka uso unakaribia kugusa gurudumu, na nikikaa wima kitambaa kinakuwa na ukungu. Akiingia mteja, nikiinua uso, hana macho wala mdomo. Nilivua na kuvaa ile miwani kutwa nzima, na mara mbili niliikalia.

Kilichonipeleka hospitali hasa si shingo. Mama yangu mzazi alipoteza jicho moja kwa presha ya macho, glakoma, na ugonjwa ule mara nyingi haumi. Mtu anapungukiwa uoni kutoka pembeni taratibu bila kujua, na ndugu wa damu wako kwenye hatari zaidi kuliko watu wengine. Nilijua hayo yote na bado nilikuwa nanunua miwani barabarani, kwa mtu asiyeweza kunipima chochote. Kwa hiyo, kabla sijasema neno jingine kuhusu lenzi: ukivuka miaka 40, na hasa kama kwenu kuna glakoma au wewe mwenyewe una kisukari, nenda ukapimwe presha ya jicho na ndani ya jicho. Mimi presha yangu ilikuwa sawa. Siku ile nilitoka nimepumua.

Mpimaji alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alinivalisha ile fremu nzito ya duara ya majaribio, akawa anachomeka lenzi moja moja, jicho moja moja, "Mama, hii au hii?" Jicho la kulia likatoka −0.75, la kushoto −1.00. Alama ya kutoa maana yake macho yangu hayaoni mbali vizuri, jambo ambalo sikulijua kabisa. Nilidhani ni vumbi la barabara ndilo linalonificha maandishi ya daladala. Halafu kwa karibu akaongeza +1.75. Hiyo nyongeza ndiyo umri wenyewe. Lenzi ya ndani ya jicho ni laini tukiwa wadogo, inajikunja na kujikunjua tunapohamisha macho kutoka mbali kuja karibu, lakini inakakamaa mwaka hadi mwaka, na ikifika arobaini na kitu inashindwa kujikunja vya kutosha. Hakuna zoezi wala karoti inayoirudisha.

Hapo ndipo nilipoelewa shingo yangu. Jicho langu la kushoto, kwa ile −1.00, tayari lina nguvu ya kuonea karibu ya 1.00, ukilivalisha +2.00 ya barabarani linakuwa na 3.00, na mita moja ukiigawa kwa 3 ni sentimita 33. Kitu kikienda mbele zaidi ya hapo lazima kififie. Ndiyo maana nilikuwa naifuata nguo kwa uso.

Kisha akafanya jambo ambalo naliona ndilo lililofaa kuliko yote aliyoyafanya. Akasema, "Mama, kaa kama umekaa kwenye cherehani. Kitambaa kinakuwa wapi? Nionyeshe kwa mikono." Nikakaa, nikaweka mikono. Akachukua rula akapima kutoka kwenye jicho mpaka kwenye vidole vyangu: sentimita 46. Kwa nyongeza ya +1.75 unaona vizuri mpaka kama sentimita 57, na macho yako yenyewe yanaongeza nguvu kidogo kwa kitu kilicho karibu zaidi ya hapo, kwa hiyo sindano yangu ikawa ndani ya eneo lake. Mwalimu anayesoma kitabu mkononi angepata jibu jingine, na fundi saa jingine kabisa. Kama mpimaji wako hajakuuliza kazi yako ni nini na mikono yako inakaa wapi, mwambie mwenyewe.

Alinitajia njia tatu. Ya kwanza ni miwani miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa karibu, rahisi kuzoea lakini unabadilisha kutwa. Ya pili ni baifoko. Ya tatu ni progresivu, isiyo na mstari, ambayo nguvu yake inaongezeka polepole kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kuna na eneo la katikati. Ila pembeni kwa chini kuna ukungu, na kile kijia cha kuonea karibu ni chembamba. Dada yangu mkubwa yuko ofisini Dar es Salaam, kutwa kompyuta, na anavaa progresivu. Anaisifu, na kwake ni sahihi, kwa sababu skrini iko kama sentimita 65 na iko usawa wa macho. Mwenye baifoko akitaka kusoma skrini kwa ile sehemu ya chini lazima ainue kidevu, na akishinda hivyo siku nzima shingo itamuuma kama ilivyoniuma mimi. Mimi nahitaji upana. Nikilaza mshono wa gauni, macho yanakwenda kushoto na kulia ya sindano kwa haraka, na sitaki ukungu pembeni. Bei nayo ilisema: progresivu Sh 380,000, baifoko Sh 130,000 pamoja na fremu. Hata hivyo, hata zingekuwa bei moja ningechukua baifoko.

Nilichukua karatasi ya namba nikaenda duka la miwani mjini. Nilichagua fremu ya plastiki kwa sababu ya rangi yake. Muuzaji akaitia kwenye bahasha pamoja na karatasi, akaniambia nirudi baada ya siku kumi. Hakunivalisha. Hakunipima kitu chochote usoni. Sikujua kwamba kuna cha kupima.

Miwani ilipokuja, namba zilikuwa sahihi. Zilikaguliwa baadaye na zilikuwa sahihi kabisa. Lakini nilipotoka dukani mtu aliyekuwa mbele yangu alikatwa kidevuni na mstari. Barabara ilikuwa vipande viwili. Ili nione mbali ilinibidi niteremshe kidevu, nimtazame mtu kama ninayemgombeza, na mteja mmoja aliniuliza kama nimekasirika. Kuvuka mtaro ulio mbele ya baraza yetu, hatua moja tu, nilisimama nikashika nguzo. Nikivuja jasho, na Tanga jasho halikosi, fremu ilikuwa inateleza puani, na cha ajabu ikiteleza ndiyo naona vizuri zaidi. Kichwa kiliuma kila jioni kwa siku kumi na nne. Niliporudi dukani niliambiwa nitazoea. Jirani aliniambia nitazoea. Mume wangu, ambaye havai miwani, naye.

Nilirudi kwa yule mpimaji wa hospitali. Alinikalisha usawa wake, macho kwa macho, akachukua kalamu ya wino akatia alama juu ya lenzi pale kope ya chini inapopita. Akavua miwani akaweka rula. Mstari ulikuwa milimita 21 kutoka ukingo wa chini wa lenzi. Ulipaswa kuwa 17. Milimita nne tu, na ndizo zilizokuwa zinanikatia watu videvu. Mstari wa baifoko kwa kawaida unakaa usawa wa kope ya chini ili mtu akitazama mbele asiuone. Wangu ulikuwa umepanda mpaka ukingoni mwa mboni. Na ndiyo maana fremu ikiteleza nilipata nafuu: ilikuwa inaushusha mstari mahali pake.

Nilikwenda dukani na lenzi zenye alama za wino. Nawapa haki yao: waliona, hawakubisha, wakatengeneza lenzi upya bila kunitoza. Fremu nililipia nyingine mwenyewe, ya chuma, yenye vile vipedi viwili vya puani vinavyoweza kubanwa na kupanuliwa, maana kwa baifoko fremu inayoteleza inahamisha mstari. Safari hii walinivalisha kwanza, wakaibana, wakapima kimo cha mstari jicho moja moja na umbali wa mboni kwa mboni, milimita 64, ndipo wakaagiza.

Sasa kuzoea kwenyewe, maana kupo, na ni halali. Lenzi zangu zina kidirisha bapa juu na duara chini, kama nusu ya chungwa, upana milimita 28. Macho yanapovuka ule ubapa, vitu vinaruka kidogo. Mkasi unaonekana umesogea. Siku ya kwanza nilivaa nikiwa nimekaa tu. Nilijifunza kugeuza kichwa kizima badala ya kuzungusha macho. Siku ya tano kuruka kulikuwa kumepungua sana, na baada ya siku kumi sikumbuki tena kuuona mstari. Kichwa hakikuuma hata siku moja. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya macho yanayojifunza na macho yanayoonewa: ya kwanza kila siku ni nafuu kuliko jana, ya pili siku ya kumi na nne ni kama ya kwanza. Usivumilie ya pili.

Sakafu ndiyo haizoeleki. Miguu yangu iko karibu mita moja na nusu kutoka machoni, na kidirisha cha chini kinaishia sentimita 57, kwa hiyo ngazi ukiitazama kwa kushusha macho tu lazima iwe na ukungu, leo na mwakani. Dawa ni kuinamisha kichwa mpaka kidevu kiguse kifua, uitazame ngazi kwa sehemu ya juu. Sasa nafanya bila kufikiri. Mama yangu, ambaye ana jicho moja na miguu dhaifu, nisingemshauri avae baifoko kutembelea. Mzee wa kuanguka anguka apewe ya mbali peke yake ya kutembelea, na ya kusomea imsubiri kitini.

Faida niliyoipata sikuitegemea. Nikiwa nimepiga magoti napanga pini kwenye pindo la gauni, naona pini, nainua macho tu, naona uso wa mteja kama anapenda urefu ule au la. Benjamin Franklin, mwanasiasa na mvumbuzi wa Marekani, katika barua ya mwaka 1785 kutoka Ufaransa, alieleza kwamba alikatisha lenzi mbili na kuunganisha nusu zake katika duara moja, na akasema kwamba mezani anaona chakula chake na pia nyuso za wanaozungumza, na hilo linamsaidia kuelewa Kifaransa. Mimi namwelewa kabisa. Mteja hasemi kila kitu kwa mdomo.

Na kazi imerudi. Sitaji faida kwa shilingi kwa sababu msimu wa harusi huchanganya hesabu, lakini utafiti uliofanywa kwa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi, ukachapishwa 2018, ulionyesha waliopewa miwani ya karibu waliongeza mavuno kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko ambao hawakupewa. Anayeishi kwa vidole hahitaji kuelezwa.

Kwenye meza ya kukatia nikiwa nimesimama, alama ya chaki iko kama sentimita 75. Kwa sasa naiona kwa sehemu ya juu bila shida. Mpimaji amenionya kwamba nyongeza ikipanda, kwenye miaka 55 hivi, eneo hilo la katikati litaanza kunisumbua na huenda ikanibidi miwani mwingine wa mezani. Nitapimwa tena baada ya miaka miwili, presha ya jicho kila mwaka. Lenzi ni za plastiki, naziosha kwa maji na sabuni ya maji kidogo, sifuti kwa upindo wa kanga. Mkwaruzo mmoja mdogo ninao kwenye lenzi ya kulia na niliupata hivyo, wiki ya kwanza.

Ile ya machinga, +2.00, sikuitupa. Ipo kwenye droo ya cherehani. Zikija shanga za kudarizi kifuani, ndogo kama punje za ulezi, naivaa, nazisogeza karibu, nashona nusu saa, naivua.