75m: lifti zilizoniua utotoni zimerudi

Mtoto wa kaka yangu alipofungua uwanja huu wa 75m kwenye gemu ya kupigana, nilimwambia, "Hebu simamisha kidogo, hapa napajua."

Miaka ya 1990 jirani yetu hapa Arua, Uganda, alikuwa na mashine ya gemu ya kaseti, ameiunganisha na televisheni ndogo nyeusi-nyeupe. Zamu moja ilikuwa jerikani mbili za maji unazomtekea mama yake. Mimi jerikani zangu zote ziliishia kwenye gemu ya Donkey Kong, na kwenye Donkey Kong ziliishia kwenye lifti.

Sasa lifti zile zile zimekuwa ulingo. Ulingo unaitwa 75m, umo ndani ya Super Smash Bros. Ultimate ya mashine ya Nintendo Switch, gemu ya 2018, ingawa ulianza kwenye gemu iliyotangulia ya mfululizo huo, Brawl, mwaka 2008. Asili yake ni Donkey Kong ya 1981, ya mashine za kutumbukiza sarafu, iliyokuwa na hatua nne: mita 25, 50, 75 na 100. Kwenye kaseti hatua ya mita 50 haikuwamo. Ndiyo maana sisi tulikuwa tukimaliza mapipa ya mita 25 tu, lifti za mita 75 hizi hapa.

Kwa kunakili, waliotengeneza nawapa mkono. Giza nyuma, vyuma vyembamba, ngazi, lifti za kushoto zinapanda na kushuka, sokwe Donkey Kong yuko juu kushoto, binti Pauline juu yake akingoja kuokolewa. Springi zinadunda juu kuelekea kulia kisha zinaporomoka. Niliona ya kwanza inakuja, kidole kikaruka chenyewe kabla sijafikiri. Miaka yote hiyo na kidole bado kinakumbuka!

Lakini kupigana humo ni shida. Hatua hii ilichorwa kwa ajili ya seremala mmoja anayepanda, wao wakaileta nzima nzima kwa watu wanaorukiana mateke. Mmoja akiwa chini kulia na mwingine juu kushoto, kamera inarudi nyuma mpaka mnakuwa sisimizi. Stima ilipokatika tukahamia kioo cha mkononi cha Switch yenyewe, cha inchi 6.2, na hapo nilipiga hewa kwa muda mrefu nikidhani ni yeye. Vyuma ni vyembamba, nafasi ya kukimbia hakuna, na ukiwa katikati ya ngazi wewe ni wa kupigwa tu. Mwenye mpiganaji wa silaha ya mbali kama Samus anajichagulia kona yake na kukufyatulia anavyotaka. Kijana alifanya hivyo, tena huku anatafuna chapati. "Shangazi, panda basi!" Nipande wapi?

Kitu kimoja kilinichekesha. Kwenye gemu ya zamani ukianguka zaidi kidogo ya kimo chako umekufa. Hapa nilianguka ghorofa nzima nikasimama kama si mimi, nikajiona tajiri, nikatembea kwa maringo hadi kwenye pengo la chini. Huko hakuna kurudi.

Mitego unaweza kuizima kwenye mipangilio. Tulijaribu raundi mbili, uwanja ukapoa kama chai ya jana. Bila springi sioni sababu ya kuwa pale. Anayetaka pambano la haki achague umbo la Omega la uwanja huu huu: sakafu moja tambarare, mandhari yale yale, ubishi unaisha haraka. Mkiwa wengi (gemu inabeba hadi wanane) na mna televisheni kubwa, fungueni 75m yenyewe na mitego yake yote, mtacheka. Ila mkiwa mnashindania hela au heshima, uacheni.

Raundi saba, nimeshinda moja. Hiyo moja springi ndiyo iliyomwangusha, mimi nilikuwa bado natafuta nilipo. Anasema haihesabiki. Nimeihesabu.