Vitabu vya maendeleo binafsi, kwa macho ya mkutubi

Kitabu kikishaazimwa na watu wengi, ubavu wake huanza kutoa siri. Kifunge, kitazame upande wa kurasa: sehemu iliyoshikwashikwa ina weusi wa vidole, isiyoguswa imebaki nyeupe. Riwaya nzuri ya upelelezi huwa na weusi mwanzo hadi mwisho. Vitabu vya maendeleo binafsi, vile vya kukufundisha nidhamu, kujiamini, kushinda woga au kupata utajiri, huwa na weusi robo ya kwanza tu. Kuanzia hapo ni weupe mtupu.

Mimi ni mkutubi. Naazimisha vitabu na kuvipokea vinaporudi, na rafu hii ndiyo inayoongoza kwa kuazimwa katika maktaba yetu. Wasomaji huniuliza mara kwa mara: hivi vitabu hivi vinabadilisha maisha ya mtu kweli? Nimevisoma vingi, na wanaovisoma nawaona kila siku. Jibu langu ni kwamba vichache vinabadilisha, tena vinabadilisha jambo moja dogo kwa wakati mmoja, kwa mtu anayekubali kufanya zile kazi ndogondogo za kuchosha ambazo kitabu kinampa. Vilivyobaki vinampa msomaji jioni njema, basi. Rafu nzima kwa jumla naipa nyota mbili kati ya tano, lakini humo ndani mna vitabu ambavyo ningevipa tano bila kusita.

Vitabu vya namna hii si vya juzi. Mwaka 1859 Samuel Smiles, Mskoti, alichapisha kitabu kuhusu mtu kujisaidia mwenyewe, kilichotokana na mihadhara aliyowapa vijana wafanyakazi mjini Leeds. Kimejaa maisha ya wahandisi, wavumbuzi na mafundi walioanzia chini wakapanda. Mtindo huo upo hadi leo: kwanza kisa cha aliyefanikiwa, halafu somo. Na kasoro yake ni ileile. Wapo watu wengi walioamka alfajiri, wakajituma, wakajinyima, na wasifike popote. Hao hakuna mchapishaji anayewatafuta. Kwa hiyo msomaji anahimizwa kuiga tabia za walioshinda bila kuonyeshwa walioshindwa wakiwa na tabia hizohizo.

Kati ya tafiti ninazowasimulia wasomaji wangu, niipendayo zaidi ni ya Uingereza, ya Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran, iliyotoka mwaka 2002. Wanafunzi wa chuo kikuu waligawanywa makundi matatu. La kwanza halikupewa chochote cha kuwahimiza. La pili lilipewa maandishi ya kuwatia ari, yakieleza jinsi mazoezi yanavyoukinga moyo na maradhi. La tatu lilipewa maandishi hayohayo, kisha kila mmoja akaandika siku gani, saa ngapi na mahali gani atafanya mazoezi ya dakika 20 wiki inayofuata. Wiki ilipokwisha, waliokuwa wamefanya mazoezi angalau mara moja walikuwa asilimia 38 katika kundi la kwanza, 35 katika la pili, na 91 katika la tatu.

Kundi la pili ndilo linaloniuma. Vijana wale walisoma, wakaelewa, hata nia yao ikapanda, kisha wakaendelea kuishi kama kawaida. Tumekua tukiambiwa penye nia pana njia. Nia walikuwa nayo. Walichokosa ni saa na mahali, na hivyo viwili vilihitaji kalamu na dakika chache tu.

Sasa njoo kwenye rafu yangu. Karibu kila kitabu cha aina hii kina mahali palipoandikwa "Andika hapa", na chini yake mistari mitupu. Vitabu vya maktaba haviandikwi, kwa hiyo huwapa wasomaji karatasi waende nazo. Wanaporudisha huwauliza: yale mazoezi ya sura ya tatu uliyafanya? Jibu ninalolisikia kuliko yote ni "nitayafanya nikishamaliza kitabu." Kisha wanaomba kingine cha aina hiyohiyo. Nawaelewa. Kusoma kuhusu mabadiliko kunampa mtu raha inayofanana sana na ya kubadilika kwenyewe, na anayelala na raha hiyo anaamini kuna alichokifanya.

Niwaeleze niliyoyaona yakifanya kazi. Kijana mmoja aliazima kitabu cha kuzungumza mbele ya watu. Kazini alitakiwa kutoa ripoti kila mwezi, na alishaanza kutafuta visingizio vya kutokuwepo siku hiyo. Kitabu chenyewe hakikuwa na maneno makubwa. Kilimtaka asome aya moja kwa sauti akiwa peke yake, kisha mbele ya mtu mmoja, kisha mbele ya watatu, na kila mara aandike ni wapi sauti ilikatika. Akawa anakuja muda mfupi kabla hatujafunga, anasimama kwenye kona ya magazeti ya zamani, anasoma. Yule mtu mmoja nikawa mimi. Karatasi ilimtetemeka mkononi hadi nikawa naisikia, na kila sentensi ilipokaribia mwisho sauti yake ilizama. Aliandika pembeni "mwisho wa sentensi", akapigia mstari, akaanza upya. Kitabu alikiongezea muda tena na tena. Walipohitajika watatu, mwenzangu wa dawatini na mlinzi wa mlangoni waliungana nami. Sasa ripoti anaitoa mwenyewe. Bado ni mtu wa maneno machache, na kitabu hakikuwahi kumwahidi vinginevyo.

Kwangu mimi ni kitabu cha usingizi. Nilikuwa mtu wa kugeukageuka kitandani hadi ndege wanaanza kulia. Maagizo yake yana asili katika kazi ya Richard Bootzin, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuyaeleza miaka ya 1970: panda kitandani pale tu usingizi unapokushika, ukikosa usingizi kwa kama dakika 20, inuka uende chumba kingine, urudi ukianza kusinzia, kitandani usisome wala usichezee simu, na uamke saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya. Majuma ya mwanzo nilichoka kuliko zamani. Kitabu kilikuwa kimenionya waziwazi kuhusu hilo, na ndiyo sababu nilikiamini. Dada yangu alinipigia simu kila asubuhi saa kumi na mbili na swali lake moja: "Umeshatoka kitandani?" Daftari langu la usingizi ninalo hadi leo, na ukilifungua unaona zile saa za kukesha zikipungua ukurasa baada ya ukurasa.

Ukiviweka vitabu hivi viwili pamoja utaona vinavyofanana. Kila kimoja kinashughulika na tatizo moja lenye jina. Kila kimoja kinampa msomaji kitu cha kuandika. Na katika visa vyote viwili alikuwepo mtu wa kuuliza. Vitabu vinavyoahidi kukubadilishia maisha yako yote kwa pamoja, afya, ndoa, fedha na furaha, havina nafasi ya kuingia ndani ya tatizo lolote kiasi hicho.

Kuna mafundisho ambayo ningetamani yaondolewe kabisa. La siku 21, kwa mfano. Utasoma mahali pengi kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Namba hiyo huhusishwa na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Waliomfuata wakaliacha neno "angalau" na kuipachika namba kwenye kila kitu. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliojipangia jambo dogo la kila siku. Matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba, miongoni mwa wale ambao mwenendo wao ulipimika vizuri, mtu wa katikati alihitaji siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Hilo la mwisho lingechapishwa kwenye jalada! Nimepokea vitabu kutoka kwa watu walioacha kila kitu kwa sababu walikosa siku moja, wakaamini wameshindwa.

Lingine ni kusimama mbele ya kioo na kujiambia maneno mazuri. Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake waliripoti mwaka 2009 kwamba watu wanaojithamini kidogo, walipotakiwa kurudiarudia kwamba wao ni watu wa kupendeka, walijisikia vibaya zaidi kuliko watu wa namna yao ambao hawakurudia chochote. Waliopata nafuu, tena ndogo, ni wale waliokuwa wakijithamini tangu mwanzo. Dawa inayomfaa asiyeumwa na kumzidishia mgonjwa maumivu isingetolewa bila onyo, ila vitabu vinaitoa kwa kila mtu. Kujiona tayari umefanikiwa nako hakuna tofauti kubwa: Lien Pham na Shelley Taylor walionyesha mwaka 1999 kwamba wanafunzi waliojiona akilini wakiwa wameketi wanajisomea walifanya vizuri kwenye mtihani kuliko waliojiona wakishangilia alama.

Linaloniudhi kupita yote ni lile la kwamba hali yako ni matokeo ya mawazo yako. Mama mmoja aliyepoteza kazi pamoja na wenzake wote, baada ya kampuni kufungwa, alirudisha kitabu cha namna hiyo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo ni mimi niliyejiletea?" Hapana, mama. Kampuni ilifungwa. Mwandishi anayemwambia mtu wa hali hiyo kwamba umaskini wake umo kichwani anamwongezea aibu mtu ambaye tayari ana mzigo, na jalada la kung'aa halimpi haki ya kufanya hivyo. Vitabu vya namna hii sivipendekezi kwa yeyote.

Kwa upande wa huzuni na sonona, hapo kuna habari njema ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1980 David Burns, daktari wa akili wa Marekani, alitoa kitabu cha kumfundisha msomaji kuyaandika mawazo yanayomkandamiza na kuyajibu moja moja. Forrest Scogin na wenzake wakakifanyia majaribio ya kweli: wenye sonona ya kadiri walipewa kitabu kwa wiki nne, wengine wakasubiri zamu yao. Waliosoma walipata nafuu kubwa kuliko waliosubiri, na walipofuatiliwa miaka mitatu baadaye wengi walikuwa bado na nafuu hiyo. Katika majaribio hayo walipigiwa simu fupi kila wiki kuulizwa wamefikia wapi, kama dada yangu alivyonifanyia. Huko Cardiff mwanasaikolojia Neil Frude alianzisha mwaka 2003 mpango wa madaktari kumwandikia mgonjwa kitabu naye akakichukue maktaba. Nikiwa mkutubi, mpango huo unanipa moyo sana. Lakini ni kwa walio katika hali ya kadiri. Anayewaza kujidhuru, au aliyeshindwa kabisa kuinuka, apelekwe kwa daktari leo hii, kitabu kitasubiri.

Kwa anayetaka kununua, fungua katikati na si mwanzo, maana mwanzo huandikwa kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote. Soma kurasa mbili. Ukikuta umeagizwa kufanya jambo fulani, lililoelezwa hatua kwa hatua, pamoja na nini cha kufanya ukikwama, kinunue. Ukikuta kisa kingine cha tajiri mwingine, kirudishe rafuni.

Dawatini kwangu, anayekuja na vitabu vinne vya aina hii namwomba achague kimoja, kile kinachogusa linalomsumbua wiki hii. Kabla hajaondoka tunaandika pamoja siku, saa na mahali atakapofanya zoezi la kwanza, na jina la mtu atakayemuuliza. Vile vitatu naviwekea kikaratasi chenye jina lake, vinamsubiri.