Mizani ya jikoni ilivyonikwamua uzito ulipogoma kwenye kilo 82: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza. Futikamba iko shingoni kwangu kutwa nzima, napima viuno vya watu, naandika kwenye daftari, nakata kitambaa. Wateja wangu wa siku nyingi wameniona nikipungua na kila mmoja anauliza dawa gani nimetumia. Sijatumia dawa. Kifaa kilichonisaidia zaidi ni mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni, ile bapa ya plastiki inayotumia betri mbili ndogo na kupima hadi kilo 5. Niliinunua katikati ya Agosti 2025 kwa shilingi 22,000, na nimeitumia kila siku kwa miezi minne. Naeleza nilivyoitumia, ilipofanya vizuri na iliponiudhi.

Nianzie nyuma kidogo. Februari mwaka huo kichwa kiliniuma siku tatu, nikaenda zahanati. Presha 148 kwa 94. Uzito kilo 94, urefu sentimita 162. Daktari akapiga hesabu ya uzito kugawa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, akapata karibu 36, akanionyesha kwamba kuanzia 30 huo ni unene wa kupindukia. Siku ile hakuniandikia vidonge. Alinipa miezi sita nipunguze mwili, nipunguze chumvi, nitembee, na kila mwezi nirudi kupimwa. Nilitoka pale nimenyamaza. Mama yangu mzazi alipooza upande mmoja kwa presha, kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kunieleza zaidi.

Miezi ya mwanzo ilienda vizuri. Niliacha soda na chapati za asubuhi, nikajiandikisha jimu moja ya mtaani, 40,000 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki saa 11 jioni. Nyumbani ni Bugarika, juu kwenye mawe, nikaanza kushuka na kupanda kwa miguu badala ya bodaboda. Wiki mbili za kwanza ziliondoka kilo tatu na nusu. Kocha akaniambia mapema nisizizoee zile: mwili ukianza kutumia akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini, kila gramu moja ya akiba hutoka na gramu kama tatu za maji, kwa hiyo mzigo mkubwa wa mwanzo ni maji. Baada ya hapo ikawa nusu kilo kwa wiki, wiki nyingine chini ya hapo. Mwisho wa Juni nilisoma 82.

Hapo uzito ukagoma.

Wiki saba. Nilipima Jumatatu hadi Jumatatu: 82.3, 81.9, 82.4, 82.0. Chakula nilikuwa nakula kile kile kilichonishusha kilo 12, jimu siachi, jasho linanitoka, na mshale hausogei. Asiyepitia hali hii hawezi kujua inavyovunja moyo. Unajinyima harusini, unakataa pilau msibani, unalala na njaa, asubuhi unapanda kwenye mizani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, na jibu ni lile la wiki iliyopita.

Katika wiki hizo nilifanya kosa ambalo naomba wengine wasilirudie. Nilinunua chai ya kupunguza mwili kutoka kwa mtu aliyekuwa akiitembeza madukani, 35,000 kwa pakiti. Siku tatu nilishinda chooni, uzito ukasoma 80.6, nikafurahi sana. Siku ya tano nikaacha kuinywa, siku ya nane niko 82.1. Nilimpelekea mfamasia ile pakiti, akasoma viungo na kunionyesha neno sena, majani ya kuendesha tumbo. Nilichokuwa nimepoteza ni maji na kilichokuwa tumboni. Mafuta ya mwilini hayakuguswa. Akaniambia pia kwamba kuharisha namna ile kunaondoa madini ambayo moyo unayahitaji. Na mimi ni mtu wa presha.

Aliyenifungua macho ni kocha. Ni kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, huniamkia shikamoo kila nikiingia. Alinikalisha kwenye benchi akasema, "Mama, uliposhuka kilo 12 umetua ndoo ya maji. Zamani ulikuwa unapanda Bugarika na ndoo hiyo mwilini, usiku unalala nayo, moyo unaisukumia damu. Sasa umeitua, na mwili haulipii tena gharama ya kuibeba. Chakula kilichokupunguza ukiwa na 94 ndicho kinachokutosha ukiwa na 82."

Alinifanyia hesabu nyuma ya kitabu cha mahudhurio. Kwa kanuni wanayotumia wataalamu wa lishe, kila kilo unayopungua hupunguza mahitaji ya mwili kwa kalori kama 10 kwa siku, hata ukiwa umelala tu. Kilo 12 ni kalori 120. Juu yake kuna nguvu unayoiokoa unapotembea ukiwa mwepesi. Kisha akauliza maswali mawili. La kwanza: "Bado unapanda kwa miguu?" Nikakumbuka kwamba tangu mvua za Aprili nimekuwa nikipanda bodaboda jioni, kwanza siku moja moja, baadaye karibu kila siku, na sikuwahi kuamua kufanya hivyo. La pili: "Unapima mafuta ya kupikia?" Nikamjibu naweka kidogo tu.

Kesho yake nikanunua mizani.

Usiku wa kwanza nilipika mchuzi wa sato. Niliweka sufuria tupu juu ya mizani, nikabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, nikachukua chupa ya mafuta na kumimina kama ninavyomimina siku zote, kwa mkono ule ule, bila kujibana. Nilipoinua chupa kioo kilisoma 112. Nikadhani nimekosea, nikamwita binti yangu aliyekuwa anamenya vitunguu naye akasoma 112. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9. Sufuria moja ya mchuzi ilikuwa na kalori 1,000 na kidogo kabla ya nyanya kuingia. Tuko watano, kila mmoja anapata kama 200. Na yule sato alikuwa ameshakaangwa kwanza.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni gramu 14 hivi, kalori kama 120. Ni ile ile 120 aliyoniandikia kocha. Kilo zote 12 nilizozitolea jasho, mwili ulichoniongezea kama deni ni kijiko kimoja cha mafuta kwa siku, na mimi nilikuwa namwaga vijiko nane sufuriani bila kuvihesabu. Nilikaa kwenye kigoda nikalia kidogo, kwa nafuu zaidi kuliko huzuni, maana wiki saba nilikuwa nimejiambia mwili wangu umeharibika.

Tangu siku hiyo sufuria ya watu watano inapata gramu 30. Kitunguu nakianza na mafuta hayo, kikianza kushika naongeza maji kidogo kidogo, nyanya zinamalizia. Sato nampika mchemsho na ndimu, tangawizi na pilipili, au namchoma. Mume wangu alilalamika wiki ya kwanza kwamba mchuzi ni mwepesi. Wiki ya tatu hakusema kitu, na sasa akila kwa watu anarudi akisema mafuta yamemkaa kifuani.

Ugali ulinichukua muda kuuelewa, kwa sababu unapikwa wa wote. Hatimaye nikapata njia. Unga mkavu wa mahindi una kalori 360 hivi kwa gramu 100. Napima unga kabla, tuseme kilo moja. Ukiiva naupima ugali wote, kwangu hutoka kilo 3 na kidogo. Kwa hiyo gramu 300 za ugali ni gramu 100 za unga. Nilipopima tonge langu la zamani, lile nililoliita la kawaida, lilikuwa gramu 740. Ugali mtupu, karibu kalori 900, kabla ya mboga. Sasa nakula 350, na sahani inajaa kwa mchicha au matembele na kipande cha samaki. Sipati njaa ya usiku, na samaki ndiye anayenisaidia hapo: minofu ya sato gramu 100 ina protini kama gramu 20 na kalori zisizofika 100. Sisi watu wa ziwani tuna bahati hiyo, Mwaloni Kirumba dagaa na sato wapo, halafu tunawazamisha kwenye mafuta.

Mizani ilinionyesha pia vitu nilivyovihesabu kuwa si chakula. Mama hunitumia michembe kutoka kijijini, naiweka kwenye kopo pembeni ya cherehani na kutafuna huku nashona. Viazi vitamu vimekatwa vikaanikwa, maji yametoka, utamu umebaki. Uzito ule ule wa michembe una kalori zaidi ya mara tatu ya kiazi kibichi. Karanga gramu 100 zinakaribia 570. Sijaviacha, navipenda na ni chakula chetu. Napima gramu 30, nafunga kopo, narudisha kabatini.

Sasa kasoro za mizani yenyewe. Inajizima baada ya dakika mbili hivi, na ukiwa katikati ya kumimina inapoteza hesabu, unaanza upya. Hili limeniudhi mara nyingi sana. Ikiwekwa mahali pasipo sawa inadanganya kwa gramu kumi au zaidi, hivyo nimetafuta kipande cha kigae nakiweka chini. Mvuke wa ugali unaingia kwenye kioo, namba zinafifia kwa muda. Betri nimebadilisha mara mbili. Na haikupi kalori, inakupa gramu tu. Wiki tatu za kwanza lazima uwe na daftari na uvumilivu. Baada ya hapo jicho linazoea, na mimi siku hizi napima mafuta, ugali na karanga, vingine nakadiria.

Jimu nayo niiseme kwa haki. Jioni inajaa, mashine za kukimbilia ni mbili na umeme ukikatika unabaki na kamba ya kuruka. Lakini kocha alinihamisha kutoka kukimbia saa nzima akanipeleka kwenye vyuma na skwati siku mbili kwa wiki, akisema mtu anayepunguza kula bila kuitumikisha misuli hupoteza misuli pamoja na mafuta. Mwanzoni niliogopa kuwa na mabega ya kiume. Hayajatokea. Kilichotokea ni kwamba napanda Bugarika na mfuko wa kilo 5 za unga bila kusimama pale kwenye jiwe la katikati nilikozoea kupumzika. Jumamosi alfajiri natembea na shoga yangu kutoka mjini, tunapita Kamanga na Jiwe la Bismarck, tunazunguka Capri Point na kurudi, ziwa likiwa bado limetulia.

Oktoba uzito uligoma tena, wiki mbili na nusu kwenye 79. Safari hii sikukimbilia chai ya mtu. Nilichukua futikamba yangu, nikajipima usawa wa kitovu: inchi 39, wakati mwanzoni mwa Septemba ilikuwa 40 na nusu. Mwili ulikuwa unapungua na mizani ya kupandia haioni, kwa sababu ya maji ya siku zangu na misuli iliyokuwa inauma kutokana na vyuma. Tangu hapo napima uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja, wiki ikiisha najumlisha siku saba na kugawa kwa saba. Namba ya siku moja siiamini tena, iwe imepanda au imeshuka.

Katikati ya Desemba nilikuwa kilo 76. Tumbo inchi 37, kutoka 44. Presha mara ya mwisho 126 kwa 82, bila kidonge. Daktari ameniambia kwa mwanamke hatari huzidi sana kiuno kikivuka sentimita 88, yaani karibu inchi 35, kwa hiyo bado nina inchi mbili za kufanyia kazi na sina haraka nazo. Kwa miezi hii minne nimepungua kilo 6, polepole kuliko mwanzo, na kocha anasema ndivyo inavyokuwa kadiri unavyokaribia.

Kama una kisukari na unatumia dawa, una mimba au unanyonyesha, ongea na daktari kabla ya kupunguza chakula. Kama uzito wako ndio kwanza unaanza kushuka wenyewe kwa kuacha soda na kutembea, mizani hii huihitaji bado, tunza hela yako. Lakini kama umekwama wiki nne au tano na unaapa hujabadilisha chochote, inunue, na usianze na chakula. Anza na chupa ya mafuta.

Wiki iliyopita nilikata gauni langu mwenyewe, kitenge cha bluu nilichokiweka kabatini tangu 2022. Nilijipima mbele ya kioo cha wateja, nikaandika kwenye daftari lile lile chini ya jina la mteja aliyetangulia: kifua 41, kiuno 37, nyonga 44. Sijaacha upindo mpana mshononi, maana Machi nitalibana.