Kochingi ya virusi na jeni hapa Kansanga, Kampala: somo tamu, chumba balaa

Kwa nyie wa maabara na unesi mnaoulizaga kuhusu hii kochingi ya Jumamosi, ile inafundishwa kwa Kiswahili sababu wengi wetu tumetoka Kenya, Tanzania na Kongo, mi nimeimaliza na nasema lipa tu ila usitegemee starehe.

Mada ni epijenetiki, yaani jeni inavyofungwa na kufunguliwa bila kubadilisha herufi hata moja ya DNA, na virusi vinavyojua kuchezea hiyo mitambo. Mwalimu hakuanza na slaidi. Alipanga vizibo vya soda mezani akavizungushia waya wa chaja, kizibo ndo histoni, yaani protini ambazo DNA inazizunguka, waya ndo DNA, kila kizibo kinabeba jozi kama 147 za herufi, alafu akauliza sasa nani atasoma kilichoandikwa pale waya umebana? Histoni ikiondolewa asetili, ni kialama cha kikemikali, DNA inabana, ikipewa inalegea, na DNA yenyewe ikipachikwa methili, kialama kingine, kwa kawaida jeni inanyamaza. Hapo ndo nilielewa kitu nilichokuwa nakariri tu.

Sasa utamu wenyewe ni EBV, kirusi cha Epstein-Barr. Kila mtu hapa anajua Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, akaandika kuhusu ule uvimbe wa saratani wa taya za watoto 1958, vipande vikapelekwa London kwa ndege na 1964 Epstein, Achong na Barr wakakiona kirusi kwa darubini ya elektroni. Sawa. Ila nani aliwahi kukwambia kwamba ndani ya seli za ule uvimbe kirusi kimenyamazisha karibu protini zake zote kwa methili, kinabakiza moja tu inaitwa EBNA1, sababu zile zingine kinga ya mwili inazinasa haraka? Na kikitaka kuamka kina protini inaitwa Zta ambayo inapenda kushika DNA yenye methili! Alama ya kufungia jeni, chenyewe kinaitumia kufungulia. Dada mmoja nyuma akapaza sauti "mwalimu, rudia hapo tafadhali" na akarudia bila kununa, mwalimu ana subira kwa kweli.

Kilichoniudhi ni HIV, ndo kila mtu alikuja nayo na ikapewa muda wa kunywa chai. Akapita mbio: kirusi kinajichomeka kwenye DNA ya seli za kinga za CD4, vimeng'enya vya HDAC vinaondoa asetili, kinalala, ARV hazikipati hapo sababu hakizalishi kitu, ndo maana mtu akiacha dawa kinarudi. Vorinostat, dawa ya saratani, 2012 ilionekana kwa wagonjwa inaamsha RNA ya HIV, yaani nakala ya jeni zake, kwenye seli zilizolala, sasa jamaa mmoja akadakia "kwa hiyo dokta, tiba ipo?" Akajibiwa vizuri, kwamba kuamsha ni kitu kimoja na kuua ni kingine, na akiba ya virusi haikupungua. Lakini sa hapo ndo tulitaka kukaa bana! Hepatitisi B nayo ilikuwa slaidi moja ya maandishi ya sisimizi, ya kwamba DNA yake nayo inavikwa histoni na protini ya HBx inavunja Smc5/6, protini za seli zinazoizima hiyo DNA, ili isizimwe. Nimeielewa nyumbani.

Chumba sasa, banange. Chini kuna mafundi wa kuchomelea mageti, projekta ina rangi ya uji, na kuanza saa tatu maana yake saa nne kasoro. Ada 60,000 kwa kozi nzima sio mbaya ila kopi za noti unalipa pembeni na hawasemi mapema.

Ukienda kaa mbele mbali na dirisha, na kama una swali la HIV liulize asubuhi kabla hajafungua laptopu.