Vijana wa chenso walionifungulia kijito shambani Lushoto

Jamani masika ya mwaka huu yaliniangushia mikaratusi mitatu katikati ya kijito kinachopita chini ya shamba, matawi na takataka zikajazana hapo maji yakaanza kula ukingo upande wa migomba. Jirani akanipa namba ya vijana wa chenso, yaani msumeno wa injini. Aisee wanajua kazi! Hawakukurupuka kukata, walianza na matawi madogo kwa panga, wakianzia kule maji yanakoelekea, ndo wakakata magogo vipande vipande na kuyavuta kwa kamba mpaka juu. Visiki vya ukingoni kiongozi wao akakataa kung'oa, anasema mizizi ndo inashika udongo, hapo nikampenda kabisa maana fundi wa kwanza alitaka kuleta kijiko, ile mashine ya kuchimbia, achimbe kila kitu wakati sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ukingo ndani ya mita 60 toka mtoni.

Siku mbili, laki tatu, mafuta juu yao. Kasoro ni moja, matawi waliyarundika karibu mno na maji, mvua ikija si yanarudi yote? Nikawapigia, kesho yake wakaja wakayasogeza bila kudai hela. Ukiwaita waonyeshe mapema pa kurundika.