Maikrowevu ya maabara ya kemia: uzoefu wangu baada ya kuitumia

Nianze na hukumu, mwenye haraka aende zake: mashine inafanya kile inachosifiwa, yaani kuharakisha kazi ya kupika kampaundi, tena vizuri. Ila kama maabara yenu ina hela ya kununua kitu kimoja tu, msianze na hii.

Nimekuwa nikitumia maikrowevu ya kutengenezea kampaundi tangu nilipoanza utafiti wa uzamili hapa Dar es Salaam. Jina la kampuni naliacha, maana za aina hii zinafanana sana: sanduku la ukubwa wa printa ya ofisini, tundu moja katikati, tyubu nene ya kioo ya ml 10, nguvu isiyozidi wati 300 na kikomo cha presha cha bar 20. Ninachokipika ni kampaundi za kwinolini, yaani pete mbili za atomi zilizoshikana ubavu, moja ikiwa na naitrojeni ndani yake. Ni ukoo wa klorokwini, dawa ya malaria iliyotengenezwa mwaka 1934 na Hans Andersag wa Bayer, Ujerumani, na wa amodiakwini, ambayo Zanzibar ilianza kuitumia pamoja na artesuneti, dawa nyingine ya malaria, mwaka 2003. Bara tuliachana na klorokwini mwaka 2001. Vimelea vya malaria vilikuwa vimejua kuitoa nje ya sehemu inakofanyia kazi, lakini kile inachokishambulia hakikubadilika. Ndiyo maana watu hawajaichoka pete hii. Wanaibadilisha mkia tu, yaani kile kinachoning'inia kwenye pete.

Hatua ninayoirudia kila mara ni hii: nachanganya 4,7-dikloro-kwinolini (kwinolini yenye klorini kwenye nafasi ya 4 na ya 7) na amini, yaani kampaundi yenye naitrojeni iliyo tayari kujishikiza, napasha moto. Klorini ya nafasi ya 4 inang'oka, amini inakaa mahali pake, kwa sababu naitrojeni ya kwenye pete inavuta elektroni na kuiacha nafasi hiyo na njaa. Klorini ya nafasi ya 7 haiguswi, na heri isiguswe, kwani bila hiyo nguvu dhidi ya malaria inashuka sana. Kwa njia ya kawaida, yaani bakuli la mafuta juu ya jiko lenye kikoroga cha sumaku, hiyo ni kazi ya kutwa: saa moja kwenye nyuzi 80, kisha saa sita hivi kwenye nyuzi 120 na ushei. Kwenye maikrowevu ni nusu saa, wakati mwingine chini ya hapo.

Wanafunzi wapya nawaonyesha mmenyuko (badiliko la kikemia) wa mkemia Arthur Hantzsch, wa mwanzoni mwa miaka ya 1880, kwa sababu matokeo yake yanaonekana kwa macho. Unaweka benzaldehaidi, ethili asetoasetati mara mbili yake, amoniamu asetati na ethanoli kidogo. Unabana mfuniko, unawasha. Kwenye skrini mstari wa joto unapanda hadi nyuzi 140, wa presha unaufuata kwa nyuma. Dakika chache baadaye hewa inaanza kupuliza tyubu kwa kelele hadi ishuke nyuzi 50, ndipo mlango unakubali kufunguka. Kilichomo ni kimiminika cha manjano, safi. Ukikizamisha kwenye barafu na kukwaruza ukuta wa kioo kwa kijiti, fuwele zinaanza kudondoka palepale ulipokwaruza. Badilisha aldehaidi iwe yenye kundi la nitro na esta (ile ethili asetoasetati) iwe ya methili, umefika kwenye nifedipini, dawa ya shinikizo la damu.

Sasa, wauzaji wanapenda kuzungumzia nguvu ya pekee ya mawimbi. Msiwasikilize sana. Hesabu ya haraka ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya mmenyuko inakaribia kuwa maradufu. Ethanoli kwenye chombo wazi inachemka kwa nyuzi 78 na kuishia hapo. Ukiifungia inafika 138 bila shida. Hizo ni nyuzi 60 za ziada, maradufu sita, kasi mara 64. Kazi ya saa nane inakuwa ya dakika saba na nusu. Mwaka 2009 kundi la mkemia Oliver Kappe la Graz, Austria, lilitumia tyubu za silikoni kabidi, ambazo zinakinga mawimbi yasiufikie mchanganyiko huku zikiupasha joto lilelile. Matokeo yakawa yaleyale. Kwangu mimi ubishi uliishia hapo: unachonunua ni joto la kufungiwa na kidhibiti kizuri, basi.

Kero zipo. Mifuniko yenye silikoni huchoka, inaagizwa nje, na bei yake inaumiza. Viyeyushi kama toluini na heksani havipati moto wa maana kwa sababu havifyonzi mawimbi vizuri. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompresa ya hewa ya kupoozea nayo inazima, unabaki na tyubu ya moto yenye presha ndani ya sanduku, na hakuna la kufanya ila kungoja ipoe yenyewe. Stebilaiza ni lazima. Na tafadhali, asije mtu akasema atatumia maikrowevu ya kupashia wali. Makundi ya wakemia Gedye na Giguere yalizitumia hizo mwaka 1986, na enzi zile milipuko haikuwa jambo la ajabu.

Lakini kikwazo kikubwa hakimo ndani ya mashine. Nikishatoa tyubu ndipo siku inapoanza. Kampaundi hizi zina ubesi (kinyume cha asidi), zikipita kwenye unga wa silika wa kusafishia zinang'ang'ania na kuburuta mkia badala ya kutoka pamoja, kwa hiyo natia matone ya traiethilamini, besi nyingine, kwenye kiyeyushi na kusimama kwenye kolamu, bomba la kioo lenye unga huo, mchana kutwa. Baada ya hapo nivukize viyeyushi kwa pampu inayokohoa, kisha sampuli ziende kupimwa NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa kampaundi, nje ya chuo, foleni ya wiki kadhaa. Saa sita nilizookoa asubuhi zinamezwa hapo bila kuonekana.

Faida niliyoiona kweli ni kujaribu masharti mengi kwa siku moja: asubuhi joto hili, mchana kiyeyushi kile, jioni amini nyingine. Anayetafuta njia bora ya kutengeneza kitu kipya atafurahi. Anayetengeneza kampaundi moja kwa wingi, tyubu ya ml 10 itamchosha mapema, arudi kwenye jiko lake.

Mashine naipa nyota nne. Huduma baada ya mauzo naipa mbili: kipima joto cha infraredi kinasoma ukuta wa nje wa tyubu, kinahitaji kusawazishwa mara kwa mara, na fundi wa wakala aliyekuja kwetu hakuwa na kifaa cha kufanyia hivyo.