Soda ya mezani Mwanza: unalipia nini hasa, na wapi bei inastahili

Mimi si mnywaji wa bia, kwa hiyo meza yoyote ninayokaa hapa mjini naagiza soda, maji au juisi. Tathmini hii ni ya huduma hiyo tu: kinywaji baridi kisicho na kilevi kinacholetwa mezani, kuanzia grosari za Buzuruga na Igoma, baa za Kirumba na Nyegezi, hadi hoteli za Capri Point zinazotazama ziwa. Kwa ujumla naipa alama mbili na nusu kati ya tano. Vinywaji vyenyewe havina tatizo. Kinachoshusha alama ni bei zisizoandikwa popote, ujazo unaopungua bila mteja kuambiwa, na tabia iliyoenea ya kuleta soda ya plastiki pale mtu alipoomba soda tu.

Kwa bei ninazolipa, soda ya chupa ya kioo ambayo dukani ni 700 inauzwa 1,000 grosari, 1,500 kwenye baa yenye bustani na muziki, 2,000 kwenye migahawa ya katikati ya mji, na 2,500 hadi 3,500 kwenye hoteli za ufukweni. Ni chupa ileile na kizibo kilekile. Sababu ambayo wahudumu huitoa haraka ni "hii ni ya baridi", na hiyo ndiyo sababu dhaifu kuliko zote.

Tupige hesabu. Friji la kioo la lita 400 hivi, linalofunguliwa mara kwa mara kwenye joto letu, hula uniti nne hadi sita za umeme kwa siku. Umeme wa biashara ndogo ni shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) pamoja na tozo za REA, wakala wa umeme vijijini, na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, unafika kama 356. Uniti tano ni shilingi 1,780. Baa inayouza kreti tatu kwa siku, yaani chupa 72, inatumia shilingi 25 kupoza chupa moja. Hata grosari inayouza kreti moja tu haifiki shilingi 75. Kwa hiyo mtu akikuongezea 800 kwa sababu ya baridi, ujue baridi imechukua sehemu ndogo tu ya hizo 800.

Usafiri nao haubebi lawama kubwa kwa Mwanza mjini. Nyanza Bottling, wanaojaza Coca-Cola, wapo hapahapa, na SBC wanaojaza Pepsi wana kiwanda hapa pia. Kreti inatoka kiwandani, inapita kwa wakala na kufika baa ndani ya mji mmoja. Visiwani ni habari nyingine: kreti ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, inapanda kwenye chombo, inashushwa, inabebwa tena, halafu chupa tupu zinarudi njia hiyohiyo zikiwa zimechukua nafasi ileile. Nikikuta soda Ukerewe imezidi ya mjini kwa mia mbili au tatu, nalipa bila neno.

Kodi inastahili kueleweka vizuri kwa sababu inatajwa ovyo. Ushuru wa bidhaa kwenye soda hutozwa kwa lita, kwa hiyo chupa ya grosari na chupa ya hoteli zimebeba kiasi kilekile. VAT ya asilimia 18 ndiyo inayokua pamoja na bei. Kuipata ndani ya bei iliyokwisha kujumlishwa, zidisha kwa 18 kisha gawa kwa 118: soda ya 1,000 ina VAT ya shilingi 153, ya 3,000 ina 458. Tuseme mwenye hoteli alinunua kreti ya chupa 24 kwa 14,000, chupa moja imemgharimu 583. Toa VAT, toa hiyo 583, toa hata mia nzima ya umeme, bado kwenye ile 3,000 zinabaki zaidi ya 1,850. Hizo ndizo zinazolipa kiti, mandhari ya ziwa, mhudumu, jenereta na faida. Nakubali kuzilipa mahali ambapo kiti ni kizuri, choo ni kisafi na hakuna anayenifukuza baada ya nusu saa. Sikubali kuzilipa kwenye kiti cha plastiki kilichopasuka, spika ikinipigia kelele sikioni.

Kuna menyu zinazoandika kwa herufi ndogo chini kwamba bei hazijajumuisha VAT. Hapo soda ya 2,500 inakuwa 2,950 kwenye bili. Soma chini ya ukurasa kwanza. Na kama umetozwa VAT, risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, lazima itoke. Karatasi ya kuandika kwa kalamu yenye "VAT 18%" usiikubali.

Sasa ujazo, ambako ndiko wateja wengi wanapunjwa bila kujua. Usilinganishe bei ya chupa na bei ya glasi. Linganisha bei ya mililita 100. Chupa ya kioo ya mililita 350 kwa 1,000 ni shilingi 286 kwa mililita 100. Plastiki ya mililita 500 kwa 1,500 ni 300, karibu sawa. Kopo la mililita 330 linalouzwa 3,000 linafika 909. Glasi ya soda yenye barafu kwa 2,500, kama kuna sehemu wanauza hivyo, ndiyo mbaya kuliko zote: glasi ya mililita 300 ikijazwa vipande vya barafu hadi juu, barafu inachukua karibu nusu, unabaki na mililita 150 hivi za soda. Hiyo ni zaidi ya 1,660 kwa mililita 100. Chupa moja ya kioo ingejaza glasi kama hizo mbili na kubaki. Ninachofanya ni kuomba chupa ije imefungwa, ifunguliwe mbele yangu, na barafu iletwe kwenye chombo chake. Hakuna mahali nimetozwa kwa ombi hilo.

Sehemu chache za chakula cha haraka hutumia mashine ya kuchanganya soda. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya sharubati, yaani soda nzito isiyochanganywa, kwa sehemu tano za maji yenye gesi. Soda ikija nyepesi na haina ukali wa gesi, mtungi wa gesi unaishia au kipimo kimelegea. Ikiwa na harufu ya uchachu, midomo ya mashine haijaoshwa. Rudisha zote mbili. Hakuna haja ya kugombana, mwambie mhudumu, "Dada, hii haina gesi, naomba ya chupa."

Kuhusu plastiki. Baa nyingi zimeacha chupa za kioo, na ninaelewa kwa nini: chupa ya kioo inahitaji mtaji wa kreti na chupa tupu, inavunjika, inaibiwa, na lazima irudi. Plastiki ikishauzwa hesabu imeisha. Lakini faida hiyo yote ni ya muuzaji. Mnywaji anapata chupa yenye gesi inayopungua haraka zaidi, kwa sababu plastiki hupitisha gesi taratibu na kioo hakipitishi. Chupa ndogo za plastiki zina muda mfupi wa matumizi, na zikianikwa juani kwenye vibanda vya ufukweni zinaharibika kabla hata ya tarehe iliyoandikwa. Angalia tarehe shingoni, kisha ibonyeze chupa kabla ya kufungua: ikibonyea kirahisi, gesi imeshakwenda. Soma pia mililita, maana chupa mbili za plastiki zinazofanana urefu zinaweza kutofautiana ujazo. Ukiagiza sema kabisa: "Naomba Stoney ya chupa, kama hakuna uniambie kwanza." Ukisema "naomba soda" peke yake, mara nyingi italetwa ya bei ya juu iliyopo kwenye friji.

Juisi ndiyo inayonipa moyo. Kwa bei ya soda mbili za hoteli unapata jagi la lita moja kwenye migahawa mingi ya kawaida, mradi iwe juisi kweli. Nanasi la kilo moja na nusu, likimenywa na kusagwa na maji kama nusu lita, linatoa lita moja na zaidi baada ya kuchujwa. Sukari gramu 80 hadi 100 kwa lita inatosha. Kilo ikiwa 3,000, hiyo ni shilingi 300 tu. Kwa hiyo jagi la 5,000 wakati wa msimu linamlipa mwenye mgahawa vizuri. Bei ilipokuwa na sababu ya kupanda ni mapema 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika nchi nzima. Sukari ilishuka baadaye. Menyu nyingi hazikushuka nayo, na hapo ndipo ninapolalamika kwa haki.

Juisi ya kweli ina dalili zake. Ya pasheni ikikaa dakika kumi inajitenga, chini nzito na juu maji. Ya nanasi huweka povu juu. Ikikaa rangi moja kali kutoka juu hadi chini hadi unamaliza kula, huenda ni ya unga au ya kuchanganywa kutoka kwenye chupa, na hiyo haifai kuuzwa kwa bei ya matunda. Uliza pia barafu imetengenezwa kwa maji gani. Barafu ya vipande vyenye tundu katikati kwa kawaida inatoka kwenye mashine. Iliyopasuliwa kutoka kwenye mfuko wa nailoni inategemea uaminifu wa aliyeigandisha. Mimi huagiza juisi iliyokaa kwenye friji, bila barafu.

Mkiwa watu wanne mnakula sato kwa ugali, msiagize maji madogo manne. Chupa za nusu lita kwa 1,500 kila moja ni 6,000 kwa lita mbili. Chupa mbili za lita moja na nusu kwa 2,500 ni 5,000 kwa lita tatu. Wahudumu hawalitaji hili mpaka uulize.

Malipo ya simu nayo yanaongeza bei kimyakimya. Mahali penye Lipa Namba, yaani namba ya malipo ya biashara yenyewe, huongezi ya kutolea. Ukiambiwa tuma kwa namba ya mhudumu "na ya kutolea", yaani uongeze ada ya yeye kutoa pesa, kwenye bili ya soda mbili makato hayo yanaweza kula sehemu kubwa kuliko VAT. Uliza Lipa Namba kabla ya kuagiza, au beba chenji.

Kwa alama za kila aina ya mahali: grosari na kwa mama ntilie nawapa nne, kwa sababu bei inajulikana na chupa ya kioo bado ipo. Hoteli za Capri Point zinazoandika bei kamili kwenye menyu, tatu na nusu. Ni ghali, lakini unajua kabla ya kukaa. Baa za bustani ambazo bei hupanda siku ya Simba na Yanga bila kubandikwa popote, moja. Hizo zikibandika karatasi moja ukutani yenye bei na mililita za kila soda, nitawaongezea alama mbili, hata kama bei zenyewe zitabaki zilezile.